Alopesia ya Shangazi

Shangazi yangu anauza samaki aina ya migebuka pale sokoni Katonga. Mwaka juzi nywele zilianza kumtoka, zikiacha viraka vya mviringo kichwani. Wanawake wenzake sokoni hawakuhitaji vipimo. Walisema ni mapunye, ule ugonjwa wa watoto wa shule wanaoazimana kofia, na wateja wakahamia meza ya jirani. Mwanamke mzima, mzee wa kanisa, ana mapunye. Alikuja kwangu Gungu akalia, mpaka nikaita bodaboda tukaenda hospitali.

Daktari alimkagua kichwa, akasema si mapunye wala haiambukizi. Ni mwili wake wenyewe unashambulia mizizi ya nywele.

"Inaitwa alopesia," akasema.

Shangazi akamwomba arudie. Njia nzima ya kurudi, juu ya bodaboda, alikuwa akilitamka jina lile mgongoni mwangu kama anayejifunza wimbo wa kwaya.

Kesho yake sokoni mambo yakageuka. Kichwa kilikuwa kilekile, viraka vilevile, ila sasa vina jina ambalo mtu halitamki bila kusimama vizuri. Waliomkimbia wakaja kumpa pole. Yule jirani, aliyekuwa wa kwanza kutaja mapunye, alimuuliza kwa unyenyekevu kama ugonjwa huo huwapata waliosoma tu.

Tatizo, mimi nina simu. Jioni moja nikamsomea Shangazi asili ya lile neno: ni la Kigiriki, limetokana na mbweha, kwa kuwa mbweha akishikwa na upele hunyonyoka manyoya.

Akaniuliza, "Kwa hiyo daktari kaniambia nina upele wa mbweha?"

"Kwa Kigiriki, ndiyo."

"Katonga nzima, nani anajua Kigiriki?"

"Hakuna, Shangazi."

"Basi na wewe hujui."

Nikairudisha simu mfukoni. Haikupita wiki, mume wa yule jirani, mvuvi ambaye kipara chake amekirithi kwa baba yake mzazi, akatangaza kuwa naye ana alopesia, na kwamba asivutishwe nyavu. Wenzake wakamwonea huruma. Siku kadhaa alikaa ufukweni akinywa chai.

Shangazi alichomwa sindano za kichwani kwa miezi, akapaka na dawa. Nywele zikaota, nyeupe tupu. Nikamshauri azipake piko ziwe nyeusi.

Alikataa. Alisema amezipata kwa shida, watu wazione.