Jembe la Tahiru

Medina wa Lurujo alikuwa mjane ambaye hakuna aliyethubutu kumwita mjane. Mumewe, Tahiru, alikamatwa na askari sokoni Arua mwaka 1974, asionekane tena. Jembe la mumewe alilipaka mafuta mara kwa mara, ili akirudi asilikute na kutu.

Mwaka 1978 watafiti wa mambo ya kale walimwajiri kuchimba karibu na kwao. Siku moja alifukua jembe la chuma la zamani sana, limechongwa mistari na duara.

"Hii mutu alikuwa anaogopa wezi ya jembe!" alicheka. Tahiru naye alichonga alama kwenye lake, lisichanganywe na ya wengine siku za kulima pamoja.

Chini yake ikatokea mifupa. "Walimzika nalo," alisema Helen, msimamizi wao.

Medina akaacha kucheka. "Basi huyu iko na kaburi."

Jioni alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalilaza jembe la Tahiru, akalifukia.

Mvua zilipoanza, alikwenda kuazima jembe kwa jirani yake, Hawah.

"Jembe ya bwana yako iko wapi, dada?"

"Iko na mwenyewe," alijibu Medina, akaanza kulia.