Ukuta Nyuma ya Nyumba ya Tata

Nilipoweka kamera mara ya kwanza kwa shangazi yangu kule Kibirichia, nyuma ya nyumba yake hapakuwa na kitu ila mteremko wa viazi. Mimi ni msanifu majengo. Ofisini Meru mjini nachora fleti, nazo zote zinafanana, hivyo nikaanza kutengeneza filamu kuhusu nyumba za mbao za wazee wetu kabla hazijaisha. Nilitaka kuelewa kwa nini nyumba ya Tata, kama tunavyomwita shangazi kwetu, huwa na joto hata Julai.

"Sasa unapiga picha moshi?" aliniuliza akicheka. Mbao za jikoni zilikuwa nyeusi, zinang'aa kwa miaka mingi ya kuni. Aligonga moja kwa mwiko. "Hizi mzee wangu alizipasua mwenyewe."

Niliporudi, binamu yangu, mwana wa pekee wa Tata, alikuwa ameanza kumjengea mama yake nyumba ya mawe huko juu palipokuwa na viazi. Tingatinga lilikuwa limekata mteremko, na udongo wote ukasukumwa ukingoni, nyuma kabisa ya chumba alicholala Tata. Ukuta wa mawe uliojengwa na fundi wake ndio uliouzuia.

"Huu ukuta hauna matundu ya kutoa maji," nilimwambia binamu. "Mvua ikinyesha, udongo utausukuma."

"Fundi anajua kazi yake. Mama anahamia juu Krismasi. Wasiwasi wa nini?"

Kila nilipokwenda nilisimamisha kamera palepale, kando ya ua. Siku moja nikalinganisha picha mpya na za zamani. Nilidhani kamera ilikuwa imeinama, lakini nguzo ya mlango ilikuwa wima. Ukuta ndio uliokuwa umejongea. Anga iliyoonekana kati yake na paa ilibaki nyembamba kama uzi.

Mvua za Oktoba zilikuwa zimeshaanza. Nilimpelekea binamu picha hizo, akazitazama kwa muda mrefu. "Mvua ikiisha nitamwita fundi," akasema.

Tata yeye alikuwa na habari nyingine. "Nikilala nasikia mawe yakisaga meno."

"Basi twende kwangu mjini."

"Na ng'ombe nimwachie nani?"

Alichokubali ni kuhamishia kitanda jikoni tu, upande wa mbele.

Asubuhi iliyofuata nilimrekodi akikamua. Ukungu ulikuwa mzito. Ghafla ng'ombe aliinua kichwa na kuacha kutafuna, na Tata akaacha kukamua. Kisha kikaja kishindo, si kikubwa, kama gunia kubwa linaloburutwa. Nilipogeuka, chumba cha kulala hakikuwepo. Udongo ulikuwa umekijaza hadi kwenye paa, na jiko lilikuwa limeinamia mbele.

Binamu alishuka mbio, miguu mitupu. Alianza kung'oa mbao kwa mikono, akiita, "Mama! Mama!" Tata alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya maziwa mkononi. Aliita jina lake mara kadhaa kabla hajasikia. Alipogeuka na kumwona mama yake, binamu aliketi kwenye matope akalia kama mtoto.

Tata alihamia nyumba ya mawe kabla haijapakwa rangi. Alivaa makoti mawili humo ndani. Mwezi jana nilikwenda kumrekodi, nikaona ameusogeza mkeka hadi katikati ya chumba. Niliuinua. Chini yake palikuwa na ufa unaoanzia mlangoni kuelekea kitandani.

"Usimwambie," alisema. "Amejenga kwa jasho."

Nilimwambia. Safari hii hakubishana. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya ufa.

"Kuna baridi inatoka huku chini," akasema. "Udongo umeshateremka."

Siku hiyohiyo tulibeba kitanda cha Tata hadi kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Hajarudi, na mlango wa nyumba ile tumeufunga kwa kufuli.