Kadi ya Zambarau

Karani akigonga mhuri, harufu ya wino hunirudisha utotoni, mtaani Mirongo, kwenye sakafu ya chumba chetu. Mama alikuwa amelazwa, na miaka ile ya uhaba madukani hapakuwa na kadi ya kumpelekea wala hata sabuni. Dada yangu alichonga ua kwenye soli ya kandambili kuukuu, akachanganya wino mwekundu na wa bluu mpaka ukawa wa zambarau, akaligonga ua lile kwenye karatasi aliyoikunja.

“Mama akiiona atapona,” aliniambia.

Tukaenda hospitali tukiipepea njiani ili ikauke. Tulikuta kitanda cha mama hakina shuka, godoro limekunjwa.

“Shikamoo, nesi,” dada alisema, akimnyooshea kadi. “Tumemletea mama.”

Nesi aliipokea kwa mikono miwili, akauliza, “Baba yenu yuko wapi?”