Baba Alivyompeleka Ambokile Kwao

Asubuhi ile kahawa ilikuwa imechanua, na shamba letu la Itaka lilikuwa jeupe kama limeanikwa mashuka. Mama alinisimulia mara nyingi mno, mpaka siku hizi naiona mwenyewe, ingawa sikuwa nimezaliwa. Baba, askari aliyekuja likizo, anapalilia bila shati. Jirani anapita na redio begani. Baba anasimama, anasikiliza, kisha anaufuta udongo kwenye jembe taratibu.

"Naitwa," anamwambia mama.

Hakuna aliyekuwa amemwita bado. Jioni akaondoka kwenda vitani Kagera.

Alirudi mzima wa mwili, lakini hakuja moja kwa moja nyumbani. Alipitia kwanza Ibaba, kwenye milima ya Ileje, kumwambia mama mzazi wa rafiki yake wa kikosini, Ambokile, kwamba mwanawe hatarudi. Tangu hapo kila msimu wa kulima alipanda kule kumlimia yule mama. Yule mama alipofariki, akaendelea kumlimia binti yake, Tupokile. Sisi watoto tulimwita shangazi. Vita yenyewe hakuisema. Ukimwuliza, alitabasamu, akakuuliza habari za shule.

Mwaka jana akili yake ilianza kwenda na kurudi. Mimi nauza vitenge Tunduma. Nilifunga biashara nikaja Itaka kumwuguza. Siku moja aliamka, akavaa koti, akasema lazima tufike Ibaba. Nikampeleka. Gari lilituacha kwenye njia panda, tukapanda mlima kwa miguu, polepole, huku ukungu ukitushukia. Miti ikatoweka, kisha njia. Ilibaki sauti ya umande ukidondoka kwenye majani, na pumzi ya baba.

Baba akasimama.

"Lala chini," alininong'oneza.

"Baba, ni mimi."

"Chini, Ambokile!"

Alinishika bega kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Nikalala kwenye nyasi mbichi, yeye kando yangu.

Mbali, ndani ya ukungu, mtu alikuwa anapasua kuni. Kila shoka lilipotua, baba alifumba macho.

"Wametuona?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Bado. Wako ng'ambo ya mafunjo. Mguu huo usiusogeze, maji yatapiga kelele."

Nikautuliza mguu wangu. Hapakuwa na maji, lakini niliyasikia.

Akavua koti, akalikunja, akanibana nalo ubavuni, upande wa kushoto. "Shikilia hapo. Usisinzie. Niambie habari za kwenu."

Nikamwambia. Nilimweleza Ibaba niliyoijua: matuta ya viazi, baridi ya alfajiri, moshi wa jiko la shangazi, mama anayechungulia njiani. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia maneno aliyokwisha kuyasikia. Hivyo ndivyo nilivyojua Ambokile alivyokufa. Hakuna aliyenisimulia. Nililazwa mahali pake.

Shoka likanyamaza.

"Panda mgongoni," baba alisema.

Asingeweza kunibeba. Nilimzungushia mikono shingoni, nikamfuata nyuma kwa miguu yangu mwenyewe, naye akatembea ameinama chini ya uzito usiokuwa wangu.

Shangazi Tupokile alikuwa nje, anamenya viazi. Baba alisimama mbele yake, anahema.

"Nimemleta," alisema.

Shangazi akanitazama, akamtazama baba. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga. Kisha akanipokea kutoka mgongoni mwa baba kwa mikono miwili, kama anavyopokewa mtoto aliyelala.

"Asante, kaka," alisema. "Umechoka. Ingia ndani, ukae karibu na moto."

Baba alilala usingizi mzito hadi kulipokucha. Asubuhi akili ilikuwa imerudi, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Jana nilimleta Ambokile hapa," alisema, kikombe cha uji mkononi. "Au niliota?"

Shangazi alimsogelea. "Uliota, kaka. Alibaki kule."

"Nilimwacha. Sikuweza kumbeba."

"Tunajua. Ulituambia siku ile ile uliyokuja."

"Mama alinilaumu?"

"Alilia. Halafu akauliza kama umekula."

Baba aliinamisha uso juu ya uji. Aliunywa wote.

Alifariki msimu wa baridi uliofuata, kitandani kwake, mkono wake mkononi mwangu. Shangazi Tupokile alishuka kutoka Ibaba kuja kumzika. Watu walipotawanyika makaburini, yeye alibaki amepiga magoti, akisawazisha udongo kwa kiganja, sehemu moja baada ya nyingine. Nilimwinamia nimwinue.

"Shangazi, twende. Kuna baridi."

"Niache kidogo, mwanangu," alisema. "Huyu tunajua alipo."