Mzinga wa Séverine na Alama ya Msalaba

Jumanne, tarehe 3 Juni 1975. Mpanda kulikuwa na baridi ya asubuhi na upepo mkavu kutoka mashariki. Angani hakukuwa na wingu hata moja.

Séverine alikuwa amebakiza wiki mbili na nusu. Alikuja Januari kutoka Moba, ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire. Alishukia Karema, akapanda lori la samaki wakavu, akaja kusoma muhula mmoja katika kituo cha mafunzo ya nyuki. Wanafunzi walikuwa tisa, na kati yao mwanamke alikuwa yeye peke yake, na mgeni yeye peke yake. Mama Natalia, mjane wa mtaa wa Shanwe aliyempa chumba, alisema siku ile ya kwanza kwamba Kiswahili cha mgeni wake kinatembea kama kimevaa viatu vya mtu mwingine, lakini kinafika.

Sasa lilibaki jambo moja tu. Mwezi Februari kila mwanafunzi alitundika porini mzinga wake wa gome. Ili apate cheti, ilimpasa aonyeshe kwamba nyuki wameingia, kisha arine asali kwa mkono wake mbele ya mwalimu. Bila cheti, ile kazi ya kuwafundisha wanawake wa parokia yake kufuga nyuki angepewa mpwa wa katekista, kijana anayekimbia hata nzi.

Mizinga minane ya wenzake ilikuwa inavuma. Wake ulikuwa kimya.

"Labda ni sabuni," alisema Mama Natalia, akipepeta mchele uani. "Nyuki wa porini hawapendi watu wasafi."

"Leo sikuoga, mama."

"Nimeshajua, mwanangu. Upepo unatoka huko ulikokaa."

Séverine alicheka, akachukua kamba yake akaondoka.

Mti wake ulikuwa wa aina iitwayo mtundu, umeinama kando ya kijito kilichokauka. Mwalimu Melkiadi alisimama chini na daftari lake, Séverine akapanda. Alipofungua mfuniko aliona jambo ambalo hakulitegemea. Ndani, kwenye paa la mzinga, kulikuwa na mabaki ya masega yaliyokatwa kwa kisu, nta yake bado laini.

"Mwalimu, waliingia," alisema kutoka juu. "Ila kuna mtu amerina."

Mwalimu Melkiadi alifunga daftari. Katika pori lile mtu anaweza kusahau shoka chini ya mti akalikuta baada ya mwezi. Lakini kurina mzinga wenye alama ya mwingine ni jambo la kumhamisha mtu kijiji.

Walikwenda moja kwa moja kwenye kambi ya warina asali, mwendo wa nusu saa. Wazee wanne walikuwa wakichuja asali. Mkubwa wao alikuwa Mzee Telesphor, Mkonongo kwa kabila, ambaye mizinga yake ilikaribia mia mbili.

"Shikamoo, babu," alisema Séverine.

"Marahaba, binti wa Zaire. Nyie mmekuja kula au kusema?"

"Kusema, babu. Mzinga wangu umerinwa."

Mzee Telesphor aliuliza ni mti gani, akaelezwa. Akauliza alama.

"Msalaba, na mkato mmoja chini yake."

Mzee aliweka kibuyu chini polepole.

"Hiyo alama ni yangu," alisema. "Babu yangu alibatizwa Karema. Aliporudi porini akaanza kukata msalaba wenye mkato chini, na ukoo wote tunaukata mpaka leo. Wiki iliyopita nilipouona pale kijitoni, nilijua huu ni wa marehemu mdogo wangu Eustace. Yule alikuwa anatundika huku na huku bila kuniambia. Nikarina, nikasema, ahsante Eustace. Na Jumapili nimemwombea misa."

"Basi Eustace huko aliko anashangaa," alisema mzee mmoja. "Kapata misa kwa asali ya mwanamke wa Moba."

Wote walicheka, na Mzee Telesphor naye akacheka, kwa aibu. Mwalimu Melkiadi alikuna kichwa. Yeye ndiye aliyewaambia wanafunzi wachague alama na kuziandika katika kitabu cha kituo, na hakuna aliyefikiri kuwauliza wenye pori. Séverine alichagua msalaba wa namna hiyo kwa sababu ndiyo alama aliyoizoea tangu utotoni.

"Babu, asali si neno," alisema. "Mimi nimebakiza wiki mbili. Hata nyuki wakirudi leo, hawatakuwa wamejenga."

Mzee alimgeukia mwalimu. "Kuhusu kuingia, mimi shahidi. Walinichoma shingoni mara saba. Mzinga ameutundika vizuri. Kuhusu kurina, nitampa wangu mmoja."

"Lazima uwe wake, mzee. Ndiyo kanuni."

"Basi utakuwa wake. Kwetu mgeni akipewa mzinga anaongeza mkato wa pili chini ya ule wa kwanza. Tangu hapo ni wake, pamoja na nyuki na hasira zao."

Aliwapeleka kwenye mti wa karibu, akampa Séverine shoka. Naye akakata mkato wa pili, kisha akaulainisha kwa kidole gumba. Mwalimu aliutazama kwa muda mrefu, akaongeza daftarini mzinga namba kumi, wa Séverine.

"Kesho saa moja," alisema.

Njiani kurudi Shanwe, Séverine alihesabu mambo ambayo Januari hakuyajua. Sasa aliweza kutofautisha mti na mti kwa harufu ya gome. Aliweza kukaa na wazee saa nzima bila kusema neno, na wasione vibaya. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa akifuta siku kwenye kalenda ya Mama Natalia. Hakukumbuka ni lini aliacha.

Asubuhi yake, saa moja kamili, alipanda na kienge cha nyasi kinachofuka moshi. Alikata masega kwa utaratibu, akajaza ndoo, akasimamisha kisu.

"Bado kuna matatu," aliita Mzee Telesphor kutoka chini. "Toa yote."

"Hayo ni ya nyuki wenyewe, babu. Ukiyamaliza wanahama."

"Ndiyo maana wangu wanahama," alisema mzee, akawaangalia wazee wenzake waliokuja kutazama, kana kwamba wao ndio wenye kosa.

Séverine alishuka mdomo wa juu umevimba, akamkabidhi mwalimu ndoo kwa mikono miwili.