Muda Uliofichwa na C

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef, mkuu wa service ya kompyuta, hakuniuliza diploma. Alinionyesha skrini iliyotulia, akauliza, "Unafikiri inafanya nini sasa hivi?" Nikasema sijui. "Hata mi sijui," alisema. "Kaa hapa, tutafute."

Ilikuwa miaka ya vita, katika ofisi ya Bujumbura iliyotafuta watoto waliopotezana na wazazi. Programu yetu ililinganisha majina ya watoto wa kambini na yale yaliyoletwa na wazazi. Kila karani aliandika alivyosikia: Kabura wa huku aliweza kuwa Gabura wa kule. Tulitumia Python, lugha ambayo kompyuta huisoma na kuitekeleza papo hapo. Sehemu nzito ziliandikwa kwa lugha nyingine, C, zikageuzwa mapema kuwa lugha ya mashine ili ziende mbio. Hata hivyo utafutaji ulikawia hadi umeme ukakatika, na gari la kambini likaondoka bila majibu.

Directeur wa ofisi, akidhani Python ndiyo inayochelewesha, alitaka tuandike yote upya kwa C.

"Apana, Directeur," Chef alisema. "Tupime kwanza. La sivyo tutahama na ugonjwa wetu."

Tulikuwa na kipimo, programu ndogo inayoonyesha kila funksheni, yaani kila kipande cha kazi, imekula muda gani. Kililaumu funksheni moja ya mistari michache.

"Chef, hii inaita zingine tu," nilisema. "Uzito umetoka wapi?"

"Inaita za C. Kipimo hiki hakizioni. Muda wao kinaiandikia ile iliyoziita."

Basi kila funksheni ya C tukaivika nyingine nyembamba ya Python, ambayo kazi yake ilikuwa kuiita tu. Sasa kipimo kikaziona. Sote tulishuku ile ya kulinganisha. Kumbe ilikuwa ile ya kusafisha jina, kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na kuondoa nafasi zilizozidi. Yenyewe ilikuwa nyepesi, ila iliitwa upya kwa jina lilelile kila lilipokutana na jingine. Tukasafisha kila jina mara moja na kulihifadhi, kisha tukavua vile vifuniko, maana navyo vinakula muda.

Utafutaji uliofuata uliisha chai yangu ikiwa bado moto. Kati ya majibu kulikuwa na binti wa mama mmoja wa mtaa wa Buterere. Chef alimwita ahakikishe.

"Mutoto ana alama gani?"

"Kovu, chini ya kidevu. Aliangukia jiwe la kusagia."

Gari liliporudi kutoka kambini na yule binti, mama aliinua kidevu chake, akaliona kovu. Alipiga magoti akaanza kumfunga vifungo vya gauni, vilivyokuwa vimefungwa tayari.

Sasa nimestaafu, niko mtaa wa Bwiza. Vijana huniletea vipimo vipya vinavyoona hadi ndani ya C, nami navifurahia kweli. Wakilalamika kwamba programu ni nzito, nawauliza kipimo chao hakioni wapi. Wengi hurudi kwenye kipimo chao na kuanza kutafuta. Hapo mimi husogeza kiti karibu na skrini, kwa kuwa jibu na mimi silijui.