Siku Uweso Alipomheshimu Mtani Wake

Jumapili jioni kiwanjani Ngamiani mpira unachezwa kimya. Filimbi inasikika, kikohozi cha mlinda mlango kinasikika. Mchezaji akikosa goli la wazi anajishika kichwa peke yake, na hakuna wa kumwambia kwamba miguu ile mama yake aliiazima kwa jirani akasahau kuirudisha. Kwa miaka ishirini na mitatu kazi hiyo ilikuwa ya Uweso.

Uweso alikuwa fundi baiskeli, Mzigua wa upande wa Pangani. Ng'ambo ya kiwanja alisimama Rafaeli, Mnyamwezi, ambaye baba yake aliletwa Tanga kukata mkonge. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na hawa wawili waliushika utani kama watu wengine wanavyoshika dini. Mashamba ya mkonge yalipofungwa, vijana wa kambi za mkonge wakamiminika mjini kugombea vibarua na vijana wa Ngamiani. Hata sabuni ilikuwa kwa foleni, kwa hiyo sababu za kuvunjana meno hazikukosekana. Lakini kila ngumi ilipoinuliwa, Uweso alipaza sauti.

"Rafaeli, mkanye mwanao. Mikono yote miiba ya mkonge, atatutoboa mpira."

"Na wewe Mzigua mwamshe wako," alijibu Rafaeli. "Kalala tangu kipindi cha kwanza, anadhani yuko kwenu."

Watu walicheka, na mtu anayecheka hapigi ngumi ya maana. Hakuna aliyeuita utani huo mradi.

Mradi wenyewe ulikuja mwaka tisini na tatu, pamoja na mitumba, soda za kopo na vyama vingi. Uliitwa Jamii Salama Kaskazini, na ulikusudia kujenga umoja kwa michezo, utamaduni na mazungumzo. Watu wa Ngamiani, ambao siku zote walidhani wanaishi pwani, wakaarifiwa kuwa ni watu wa kaskazini. Mratibu wake, Wilfred, kijana mpole mwenye gari jeupe, alihudhuria mechi moja akiwa na daftari. Alirekodi matusi arobaini na moja, kisha akaandika kwamba eneo lina chuki ya kikabila iliyokomaa.

Uweso akapelekwa semina siku tatu. Huko walikaa wawili wawili, viti vikitazamana, wakafundishwa kusema: wewe unapofanya jambo hili, mimi ninajisikia hivi. Siku ya mwisho alitia saini kwamba hatatoa tena lugha ya kudhalilisha hadharani. Akapewa kofia na cheti cha Balozi wa Amani. Rafaeli alialikwa pia, akakataa.

"Mzigua, umeuza ulimi kwa kofia?"

"Unaposema hivyo," alisema Uweso, "mimi ninajisikia kudharauliwa."

Rafaeli alimgusa paji la uso. "Umemeza dawa gani?"

Mechi ya tatu baada ya semina vijana walipigana kweli, wawili wakapelekwa hospitali. Ripoti ya mradi ilieleza kwamba matusi yamepungua kwa asilimia tisini na tano. Haikudanganya.

Mwaka uliofuata Rafaeli alianguka kwa presha, akafa. Mkewe, Praxeda, alimtumia Uweso habari kabla ya kutuma parokiani. Kwao mtani ndiye anayemzika mtu: huvaa koti la marehemu, huiga sauti yake na mwendo wake, hushuka kaburini akagoma kutoka, mpaka wafiwa wacheke machozi yakiwa bado yanawatoka. Mtani asiyefanya hivyo ametangaza kwamba alikuwa na kinyongo na maiti.

"Koti lake hili hapa, shemeji," Praxeda alimwambia. "Usije ukanifanyia ustaarabu."

Siku mbili Uweso alijiandaa, akicheka peke yake juu ya minyororo ya baiskeli za watu. Mambo ya kusema alikuwa nayo tele. Rafaeli aliishi Tanga miaka hamsini na bahari haikuwahi kumvuka kifundo cha mguu.

Makaburini, Wilfred alikuwapo na shada la maua, na pembeni yake wageni wawili wa wafadhili. Uweso alisogea ukingoni na koti mabegani. Akatazama chini, akamtazama Wilfred. Wilfred akatikisa kichwa kwa upole, vilevile kama kule semina, kumkumbusha saini yake.

"Rafaeli," alisema Uweso, "wewe unapokufa, mimi ninajisikia huzuni."

Nyuma mtu akaanza kucheka, akidhani ndiyo kwanza mzaha unaanza.

"Ninathamini mchango wako," Uweso akamaliza, akarudi nyuma.

Wilfred alifuta macho, akawanong'oneza wageni kwamba wameshuhudia makabila mawili yakipatana. Praxeda alilivua lile koti mabegani mwa Uweso kwa mikono yake mwenyewe.

"Miaka yote hiyo mume wangu anakutukana kwa moyo mweupe. Kumbe ulikuwa unamchukia."

"Shemeji, sikiliza—"

"Shemeji yako nani?"

Siku ya kuondoa matanga akaitwa Mzigua mwingine, Mwanamkasi, muuza vitumbua. Hakuwahi kumwona Rafaeli hata kwa mbali, lakini alimtukana vizuri, na watu wakalia kwa raha.

Uweso alikwenda kuomba radhi mara tatu. Mara zote alikaribishwa kiti, akapewa chai, akaitwa mzee. Watu wa kambini wakaanza kumheshimu. Siku moja barabarani alimchokoza kijana wa Kinyamwezi: "We, kwenu unarudi lini, umetumalizia mihogo?" Kijana alishuka kwenye baiskeli, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," alisema, akaenda zake.

Wiki ile Uweso alifunga vyombo vyake vya kazi. Sasa yuko Maramba kwa binti yake Mastura, anaziba pancha karibu na soko.